Bweni la Kurasini na swali lililogeuka kosa

Kutoka Madimba, kule inakosafishwa gesi, Msumbiji haiko mbali. Mdomo wa Ruvuma uko kusini kidogo tu, na ng'ambo kuna watu wanaosema Kimakonde kama wa huku. Mpaka ule waliuchora Wajerumani na Wareno. Kwa miaka mingi Wamakonde wa ng'ambo walivuka kuja kukata mkonge, Mtwara, Lindi, hadi Tanga, na wenyeji wakawaita Wamawia, jina ambalo halikuwa na heshima sana. Vita vilipoanza Septemba 1964, wavukaji hawakuwa vibarua peke yao tena. Walikuja wakimbizi kwa maelfu, na kati yao walikuwamo watoto wa shule.

FRELIMO ilikuwa imeshaliona tatizo hilo mapema. Chama kiliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na mwaka uliofuata ikaanzishwa Taasisi ya Msumbiji, pale Kurasini. Ilikuwa shule na bweni kwa pamoja. Aliyeisimamia ni Janet Mondlane, Mmarekani mweupe kutoka Illinois, mke wa rais wa chama Eduardo Mondlane. Fedha za mwanzo zilitoka Ford Foundation ya Marekani. Wareno wakapiga kelele, Ford wakajitoa, na baadaye Waswidi wakaingia kusaidia.

Sasa fikiria bweni lile. Kuna kijana wa Gaza, kusini kabisa, aliyepita nchi tatu nne kufika Dar. Yupo wa Sofala aliyesomeshwa na mapadri. Yupo Mmakonde wa Mueda ambaye kwake Ruvuma ilikuwa mwendo wa miguu. Hawakuwa na lugha moja ya mama, wala hawakuwa wamepata shule sawa. Ureno ilikuwa imewaachia wamisheni Wakatoliki elimu ya Waafrika, na walichokitoa kilikuwa kidogo mno, tena kaskazini kilikuwa kidogo zaidi. Kwa hiyo kabla hata kengele ya kwanza haijalia, wengine walishatangulia na wengine walishachelewa.

Halafu ikaja lugha ya kufundishia. Chama kilichagua Kireno. Hoja yao naielewa: ukichagua Kimakonde umewakosea Washangana, ukichagua Kishangana umewakosea Wamakua, basi bora lugha ya mkoloni isiyo ya kabila lolote. Lakini haikuwa kweli kwamba Kireno hakikuwa cha mtu. Kilikuwa cha wale waliobahatika kukisoma. Kijana aliyekulia upande huu wa Ruvuma alikuja na Kiswahili chake, pengine na Kiingereza cha shule za Tanganyika, akaambiwa aanze upya. (Kiswahili chenyewe hakikufa humo. Julai 2004, Joaquim Chissano alipohutubia Umoja wa Afrika Addis Ababa, alizungumza Kiswahili, na wakalimani wakahangaika.)

Manung'uniko yakawa mengi. Nani anapelekwa kusoma Ulaya na Marekani? Mbona viongozi wengi wa juu, Mondlane, Samora, Chissano, wote ni wa Gaza? Kwa nini mwanafunzi akatize masomo aende kubeba silaha? Na walimu wazungu wenye asili ya Kireno, kama Helder Martins na Jacinto Veloso, wanafanya nini humu wakati tunapigana na Wareno? Mwaka 1967 alifika padri Mkatoliki kutoka Sofala, Mateus Gwenjere, mzungumzaji hodari, na wanafunzi wakapata msemaji.

Hapa ni lazima kutenganisha mambo, kwa sababu historia rasmi imeyafunga kwenye kifurushi kimoja. Swali la walimu weupe, kwa maoni yangu, lilikuwa bovu. Veloso alikuwa rubani wa jeshi la Ureno aliyetoroka na ndege yake mwaka 1963 akaja Tanganyika. Mtu wa namna hiyo humuulizi rangi. Lakini swali la nani anapata nafasi ya masomo lilikuwa halali kabisa. Shule yoyote inayochukua watoto kutoka pande zote za nchi lazima iweze kulijibu, tena kwa hesabu.

Jibu halikuja kwa hesabu. Machi 1968 ugomvi ulilipuka, viongozi wa chama wakaingia mabwenini usiku kurejesha nidhamu, na taasisi ikafungwa. Wanafunzi wengi walikimbilia Kenya. Mei ofisi ya FRELIMO Dar ilivamiwa, na Mateus Muthemba akafa kwa majeraha. Serikali ya Tanzania nayo iliwafukuza nchini baadhi ya walimu wale weupe. Februari 1969 bomu lililofichwa ndani ya kitabu likamuua Mondlane mwenyewe.

Watetezi wa taasisi humtaja Josina Muthemba, na wana haki. Alifika Dar 1965, akafanya kazi Kurasini akimsaidia Janet, akapewa nafasi ya kusoma Uswisi, akaikataa. Akajiunga na kikosi cha wanawake, akafundishwa Nachingwea, akasimamia watoto yatima wa vita. Baadaye aliolewa na Samora. Alifariki Dar tarehe 7 Aprili 1971, hajafikisha miaka 26. Lakini kukataa nafasi ni rahisi kidogo kwa aliyepewa. Wenzake waliolalamika hawakuwa wamepewa kitu cha kukataa.

Mwaka 1970 sekondari ilifunguliwa upya, safari hii Bagamoyo. Jembe likawa sehemu ya ratiba, siasa ikawa somo, na kabila halikutajwa. Samora alikuwa akisema kabila lazima life ili taifa liishi. Bwenini maana yake ilikuwa kwamba ukiuliza watu wa kwenu wamepata nafasi ngapi, wewe ndiye mkabila. Lugha ilibaki ileile.

Gwenjere alikimbilia Kenya kama wanafunzi wake. Baadaye aliangukia mikononi mwa FRELIMO, na baada ya uhuru wa 1975 aliuawa bila kesi ya mahakamani, kama Uria Simango, aliyekuwa makamu wa rais wa chama, na Lázaro Nkavandame, Mmakonde aliyeiongoza Cabo Delgado.