Je, ni lazima kubadili dini ili kufunga ndoa?

SUALA la kubadili dini kwa ajili ya ndoa huzuka mara nyingi wakati ambapo mambo mengine yamekwisha kuafikiwa. Posa imepelekwa, wazee wa pande mbili wamekutana, mahari imezungumzwa, kisha mmoja wao anauliza: harusi itafungwa wapi, na kwa ibada ya nani?

Katika kaunti za Kericho na Bomet, ambako mashamba ya majanichai yamewakutanisha watu wa makabila na madhehebu mengi kwa takriban karne moja, swali hilo si geni. Hata hivyo, majibu yanayotolewa mara nyingi huchanganya mambo matatu yasiyofanana: sheria ya nchi, kanuni za dini na desturi ya jamii.

Jambo la kwanza linalofaa kufahamika ni kwamba sheria za Kenya hazimlazimishi mtu yeyote kubadili dini ili aoe au aolewe. Sharti hilo, pale linapokuwepo, hutoka kwa taasisi ya dini au kwa jamaa. La pili, ambalo wachumba wengi hulipuuza, ni kwamba athari za kubadili dini haziishii siku ya harusi. Hatua hiyo huweza kubadilisha sheria itakayotumika katika kugawa mali, kuvunja ndoa na kurithi.

Mchanganyiko wa mashambani

Kampuni za Brooke Bond na African Highlands zilianzisha mashamba makubwa ya majanichai Kericho katika miaka ya 1920. Mbali na Wakipsigis, ambao ni wenyeji wa eneo hilo, wafanyakazi walitoka Kisii, Nyanza na Magharibi. Walikuja na dini zao: Waadventista na Wakatoliki kutoka Kisii, Waanglikana na wafuasi wa Legio Maria kutoka Nyanza, Waquaker kutoka Magharibi.

Wenyeji nao walikuwa na makanisa yao. Africa Gospel Church ilikita mizizi kutokana na kazi ya wamishonari wa Tenwek, Bomet, ilhali Africa Inland Church ilijiimarisha Litein. Kanisa Katoliki liliunda Dayosisi ya Kericho mnamo Desemba 1995, ikijumuisha maeneo ambayo leo ni kaunti hizo mbili. Mjini Kericho kuna pia msikiti na hekalu kubwa la Masingasinga, linalohifadhi kumbukumbu ya Baba Puran Singh aliyeishi katika mji huo.

Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Wakristo walikuwa zaidi ya asilimia 85 ya Wakenya wote, nao Waislamu walikuwa karibu asilimia 11. Kwa sababu hiyo, mvutano unaowakabili wachumba wengi wa maeneo ya majanichai si wa Mkristo na Mwislamu, bali wa Mkristo na Mkristo wa dhehebu jingine. Hapo ndipo desturi huingia: wengi huchukulia kwamba mke hufuata kanisa la mumewe, kama anavyohamia boma lake. Desturi hiyo haina nguvu ya sheria.

Sheria inasema nini?

Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini na imani, na kinakataza kumlazimisha mtu kutenda jambo lililo kinyume na imani yake. Kifungu cha 45 kinasema ndoa hufungwa kwa hiari ya wahusika, na kwamba mume na mke wana haki sawa wakati wa kuoana, wakiwa katika ndoa na wakati wa kuivunja.

Sheria ya Ndoa ya 2014, iliyoanza kutumika Mei 20 mwaka huo, inatambua aina tano za ndoa: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Sehemu inayohusu ndoa za Kiislamu inawahusu tu watu wanaofuata Uislamu, na ile ya ndoa za Kihindu inawahusu tu wafuasi wa imani hiyo.

Wachumba wa dini mbili wasiotaka kubadili dini wana njia mbili zilizo wazi zaidi kisheria. Ya kwanza ni ndoa ya kiserikali, ambayo wengi bado huiita ndoa ya 'kwa DC'. Wachumba humpa Msajili wa Ndoa ilani ya siku zisizopungua 21 na zisizozidi miezi mitatu, na hawahitaji kuthibitisha dini yoyote. Ndoa hii ni ya mume mmoja na mke mmoja.

Njia ya pili ni ndoa ya kimila. Kwa Wakipsigis, hatua muhimu ni koito, ambapo jamaa za pande mbili huafikiana kuhusu mahari. Pale ambapo mila inadai mahari, sheria inasema kutolewa kwa sehemu yake kama ishara kunatosha kuthibitisha ndoa. Wanandoa wanatakiwa kumwarifu Msajili katika muda wa miezi mitatu baada ya kukamilisha taratibu za kimila. Tofauti kubwa ni kwamba ndoa ya kimila huchukuliwa kuwa inaweza kuwa ya wake wengi. Mke asiyetaka hali hiyo anafaa kulizungumza mapema. Sheria inaruhusu ndoa ya aina hiyo kugeuzwa kuwa ya mke mmoja iwapo wote wawili watatoa tamko kwa hiari yao.

Ndoa inayofungwa kwa kulazimishwa au kwa ulaghai si halali. Vilevile, mume aliyefunga ndoa ya mke mmoja hawezi kusilimu kisha akadai kwamba sasa ana ruhusa ya kuoa mke wa pili. Sheria humzuia aliye katika ndoa ya aina hiyo kufunga ndoa nyingine, hata akibadili dini mara ngapi.

Kanuni za makanisa

Kanisa Katoliki halimlazimishi mchumba asiye Mkatoliki kujiunga nalo. Sheria za Kanisa za 1983 zinataka ruhusa ya askofu au mwakilishi wake pale Mkatoliki anapooana na Mkristo aliyebatizwa katika dhehebu jingine. Iwapo mchumba huyo hajabatizwa kabisa, mathalan Mwislamu, panahitajika kibali maalum. Bila hicho, ndoa ni batili mbele ya Kanisa.

Ili kupata ruhusa hiyo, upande wa Mkatoliki hutangaza kwamba utailinda imani yake, na huahidi kufanya kila uwezalo ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Upande wa pili hauapi lolote, lakini lazima ufahamishwe kuhusu ahadi hiyo. Hapo ndipo panapohitaji mjadala wa kweli, kwa kuwa anayeambiwa 'hutabadili dini' huenda asitambue kwamba suala la dini ya watoto limekwisha kuguswa.

Mkatoliki anayefunga ndoa kwa Msajili, kwa mila au katika kanisa jingine bila kibali hahesabiwi na Kanisa lake kuwa ameoa au ameolewa kihalali, na huzuiwa kupokea komunyo hadi ndoa hiyo irekebishwe. Kwa muumini wa dhati hilo si jambo dogo. Kwa upande mwingine, Kanisa hilo halimbatizi upya mtu aliyebatizwa kihalali katika dhehebu jingine. Humpokea baada ya mafundisho.

Wachungaji wengi wa makanisa ya kiinjili hurejelea waraka wa pili wa Paulo kwa Wakorintho, sura ya sita, wanapowaonya waumini dhidi ya kuoana na wasioamini. Kanisa la Waadventista wa Sabato nalo huwakataza wachungaji wake kufungisha ndoa ya muumini na asiye wa imani hiyo. Hata hivyo, Paulo huyo huyo, katika waraka wa kwanza sura ya saba, anawashauri walio tayari katika ndoa na wasioamini wasiachane nao iwapo wenzao wanaridhika kuishi nao. Swali la kuingia katika ndoa na lile la kudumu ndani yake hayajibiwi kwa namna moja.

Msimamo wa Uislamu

Wanazuoni wa Kiislamu, wakitegemea aya ya tano ya Surat al-Maida, humruhusu mwanamume Mwislamu kuoa mwanamke wa Ahlul Kitab, yaani Mkristo au Myahudi, bila mwanamke huyo kusilimu. Kwa hivyo, si kweli kwamba mke Mkristo lazima asilimu ndipo ndoa iswihi kidini. Lakini kwa kuwa sheria ya Kenya inaweka ndoa ya Kiislamu kwa wanaofuata Uislamu pekee, wachumba wa namna hiyo wanafaa kupata ushauri wa kadhi na wa wakili kuhusu usajili.

Kwa mwanamke Mwislamu hali ni tofauti. Wanazuoni walio wengi wanashikilia kwamba hawezi kuolewa na asiye Mwislamu, hivyo mwanamume hutakiwa kusilimu kwanza. Tunisia iliondoa marufuku ya kiserikali ya ndoa za namna hiyo mnamo Septemba 2017, lakini msimamo wa wanazuoni haukubadilika.

Kusilimu kwenyewe si kugumu. Mtu hutamka shahada mbele ya mashahidi, na kwa kawaida hupewa cheti cha kuthibitisha. Wepesi huo ndio unaowafanya baadhi ya watu kuichukulia hatua hiyo kama karatasi ya harusi. Mafundisho ya dini yenyewe hayaungi mkono mtazamo huo. Hadithi mashuhuri ya Mtume Muhammad kuhusu nia inamtaja mtu aliyehama kwa ajili ya mwanamke anayetaka kumuoa, na kueleza kuwa malipo yake ni kile alichokihamia. Nayo Kurani, katika sura ya pili, aya ya 256, inakataza kulazimishana katika dini.

Masingasinga nao, kwa mujibu wa mwongozo wao wa maadili ulioidhinishwa 1945, huihifadhi ibada ya Anand Karaj kwa waumini wa dini hiyo pekee.

Baada ya harusi

Uzito wa kubadili dini huonekana zaidi wakati wa msiba na talaka. Sheria ya Urithi ya Kenya inasema mali ya Mwislamu aliyefariki hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu. Kinachoangaliwa ni dini ya marehemu wakati wa kifo chake. Katika sheria hiyo, asiye Mwislamu harithi kutoka kwa Mwislamu. Mke aliyebaki Mkristo huweza kupata zawadi mumewe akiwa hai, au wosia usiozidi theluthi moja ya mali, lakini si fungu la mrithi. Katika eneo ambalo mali kuu ya familia ni ekari chache za majanichai, hili ni suala la riziki.

Aliyesilimu naye huweza kurithi kwa mafungu yaliyowekwa, ambapo mjane hupata thumni ikiwa marehemu ameacha watoto, au robo ikiwa hakuacha. Binti wa Kiislamu anayeacha dini yake ili aolewe na Mkristo hupoteza, kwa sheria hiyo hiyo, nafasi ya kuwarithi wazazi wake Waislamu.

Kuhusu mali ya ndoa, sheria ya 2013 inaruhusu anayefuata Uislamu kuongozwa na sheria ya Kiislamu. Talaka za Kiislamu pia hufuata sheria hiyo, na Mahakama ya Kadhi husikiza kesi ikiwa pande zote ni za Waislamu na zimekubali mamlaka yake.

Kuhusu watoto, Katiba inawapa baba na mama wajibu sawa wa malezi, iwe wameoana au la. Na mnamo Juni 2025, Mahakama ya Juu iliamua kwamba watoto wa baba Mwislamu hawawezi kunyimwa urithi kwa sababu tu walizaliwa nje ya ndoa.

Mazishi nayo huzua mizozo. Mwislamu huzikwa upesi, kwa kawaida bila jeneza, ilhali jamaa zake Wakristo huenda wakataka ibada ya kanisa na kaburi shambani. Kesi ya mazishi ya wakili S.M. Otieno, iliyomalizika Mei 1987 kwa ukoo wake kumshinda mjane wake, ilionyesha kuwa maisha aliyoishi mtu hayatoshi kuamua atazikwa wapi na na nani. Anayebadili dini anafaa kuwaeleza jamaa zake mapema.

Ya kuzingatia kabla ya kuamua

Wachumba wa Kenya wana hiari ambayo wengine hawana. Nchini Lebanon, ambako hakuna ndoa ya kiserikali, wachumba wa dini tofauti husafiri hadi Cyprus kufunga ndoa. Tanzania, kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, huruhusu ndoa ya kiserikali kwa watu wa imani yoyote, kama ilivyo hapa.

Kwa kuwa njia ipo, anayeombwa kubadili dini ana haki ya kuuliza: Je, ombi hili linatoka kwa mchumba, kwa wazazi wake au kwa dini yenyewe? Watoto watalelewa katika imani gani? Shamba na nyumba vimesajiliwa kwa majina ya nani? Mmoja wetu akifariki, ni sheria gani itakayotumika? Na je, ndoa hii ikivunjika, nitabaki katika dini hii?

Swali hilo la mwisho ndilo kipimo kizuri zaidi. Aliyesadiki atajibu ndiyo bila kusita, na hapo ndoa imekuwa tu mlango wa imani aliyoipata. Anayejibu la anabadili jina la dini pekee, na kwake kuna njia ya Msajili wa Ndoa, ambayo haimtaki aape asichokiamini.