Mtunguo, si "Mchezo-Video wa Ufyatuaji"

Imenifikia orodha mpya ya istilahi za kompyuta kutoka kwa kamati ya istilahi. Humo, yale magemu ya kizamani ya kupiga vyombo vya angani yamebatizwa "mchezo-video wa ufyatuaji wa anga za juu". Maneno saba! Kijana wa bodaboda pale Nandagala, Ruangwa, akisubiri abiria, huwa amekwisha kulifungua gemu kwenye simu na kufa mara tatu kabla wanakamati hawajamaliza kulitamka jina hilo.

Nianze na kufyatua. Ruangwa nzima inajua vinavyofyatuliwa: tofali, mtego, bunduki na, kwa wenye utani, watoto wa kufuatana. Kitenzi hiki hushughulika na kinachoachiwa. Kilichopigwa hakina habari nacho. Na raha ya magemu haya yote iko huko juu, kwa kinachoanguka.

Mimi nilipendekeza mtunguo. Pendekezo langu lilijibiwa kwa neno moja, "limepokelewa", na sijasikia zaidi. Kutungua ni kukiangusha kilicho juu, liwe embe mtini au ndege ya adui. Waliosikiliza redio wakati wa Vita vya Kagera hawana haja ya kuelezwa ndege za Amin zilifanywa nini. Na kiunzi chake ni cha Kibantu safi: anika ina anua, funika ina funua, tungika ina tungua. Nyuma yake naiona tunga, ile ya kutunga shanga uzini. Yuko bingwa mmoja wa kamusi atakayedai kwamba tunga hiyo ni nyingine kabisa. Adai. Wavamizi wa Space Invaders, gemu alilolitoa Tomohiro Nishikado huko Japani mwaka 1978, ni 55, safu 5 za 11 kila moja, wametungwa hasa kama shanga. Mchezaji kazi yake ni kuwatungua. Kuhusu umbo la nomino, fungua ilishatupa Mfunguo Mosi, na sijasikia kwamba mwezi huo ulisubiri kikao.

Wapo wanaotaka "mwanguo", kutoka kuangua. Hoja si mbaya, nazi huanguliwa. Lakini vifaranga nao huanguliwa, na kicheko pia, nami nisingependa gemu la vita linukie banda la kuku.

Utamu wenyewe orodha haikuugusa. Katika gemu lile la Nishikado unaruhusiwa risasi moja tu hewani. Ukikosa, huna lingine ila kuitazama ikipanda hadi ipotee, kama mtoto aliyerusha fimbo kwenye mwembe wa jirani na sasa anaingoja ishuke. Papo hapo wavamizi wanakukaribia. Tena kadiri unavyowapunguza ndivyo wanavyokimbia, na yule wa mwisho hukimbia kama mwenda wazimu. Hilo halikukusudiwa: prosesa ya wakati ule ilikuwa dhaifu, na ilipobakiwa na wachache wa kuchora, ikapata wepesi. Nishikado akaona joto la mchezo limepanda, akaliacha lilivyo. Kwa hiyo kila unayemtungua anakuongezea taabu, na mtu anaipenda taabu hiyo.

Gemu la Galaga la 1981 ndilo linalonipa ushindi. Humo adui hukinasa chombo chako na kukipandisha kwenye safu zake, kikabaki kimetungikwa huko. Ukimpiga mnasaji kwa uangalifu, kinakushukia, na unapigana kwa viwili sambamba. Tungika, tungua. Mwenye kufyatua atueleze hapo amefyatua nini, maana ukikosea shabaha unakilipua chombo chako mwenyewe.

Hiyo "anga za juu" sitaijadili. Atakayenionyesha anga za chini tutazungumza. Na anayetaka kuonyesha kwamba gemu ni la mtindo wa zamani, "kizamani" linamtosha.

Matumizi: mtunguo huu, mitunguo hii, achezaye ni mtunguzi, "nimepakua mtunguo wa kizamani".