Ulimi Hauonji Sumu

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndivyo tulivyofundishwa, lakini huko Verona, kaskazini mwa Italia, hata chema hujitembeza. Kila mwaka, mwezi Aprili, wazalishaji wa mvinyo wapatao 4,000 hukusanyika kwa siku nne katika maonyesho yaitwayo Vinitaly. Wanaokuja kuonja ni waagizaji, wenye mikahawa na waandishi. Mnunuzi huzungusha glasi, hunusa, hupiga funda, husukutua kinywa, kisha hutema kwenye ndoo na kuandika maneno mawili matatu. Anayemeza kila anachoonja hafiki adhuhuri akiwa na akili ya kufanya biashara.

Mtu anaweza kudhani desturi hii ni ya tangu enzi za Warumi. Ukweli ni kwamba ilianza Septemba 1967, kwa mkutano wa siku mbili katika jumba la Gran Guardia mjini humo humo. Jina la Vinitaly lilikuja mwaka 1971.

Miaka ile Italia ilikuwa inabadilika. Mwaka 1963 serikali ilikuwa imetunga sheria ya kutambua mvinyo kwa eneo unakotoka, ambayo kwa kifupi huitwa DOC. Mwaka uliofuata ikapiga marufuku mikataba mipya ya mezzadria, utaratibu wa karne nyingi ambapo mkulima aligawana mavuno na mwenye shamba. Vijana walikuwa wakihama vijijini kwenda viwandani Torino na Milano. Mvinyo ambao babu aliutengeneza na kuunywa mezani kwake sasa ulikuwa bidhaa, na bidhaa huhitaji soko, jina na mtu wa kuidhamini.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya mvinyo wa Italia haikuwa na hadhi hiyo. Mwitalia wa miaka ya 1960 alikunywa zaidi ya lita 100 kwa mwaka, na nyingi zilikuwa za bei ya chini: mvinyo wa mezani, unaosafirishwa kwa malori ya matangi, kuchanganywa na kuuzwa katika chupa kubwa. Bei yake ilifuata kiwango cha kilevi. Palipokosekana kilevi cha kutosha, kishawishi kilikuwa kukiongeza.

Mwaka 1984 kodi ya methanoli iliondolewa nchini humo, na kemikali hiyo ya viwandani ikawa rahisi kuliko sukari. Machi 1986 wagonjwa walianza kufikishwa hospitalini Milano na miji mingine ya kaskazini, wengine wakiwa wamepoteza uwezo wa kuona. Walikuwa wamekunywa mvinyo wa bei nafuu, ulionunuliwa dukani kama kawaida. Watu wapatao 20 walikufa na wengine wakabaki vipofu. Uchunguzi ulifika Narzole, mji mdogo wa Piemonte, kwa wafanyabiashara waliokuwa wakiongeza methanoli kwenye mvinyo.

Hapa ndipo kuonja kunaposhindwa. Methanoli hunukia na kuwa na ladha inayokaribiana mno na ile ya kilevi cha kawaida. Madhara huja baadaye, mwili unapoigeuza kuwa asidi inayoharibu neva ya macho. Mwonjaji hodari kuliko wote wa Verona angeweza kupewa glasi hiyo asitambue chochote. Alichohitaji mnywaji wa Milano kilikuwa maabara, mkaguzi, na daftari linaloonyesha mvinyo ule ulitoka shamba gani na kupita mikononi mwa nani.

Nchi za nje zilizuia shehena, na mauzo ya mvinyo wa Italia nje yakaporomoka. Mwaka huo huo serikali ikaunda idara maalumu ya kupambana na udanganyifu wa vyakula, na mwaka 1992 ikaiandika upya sheria ya majina ya mvinyo. Wazalishaji wengi wakachagua kuzalisha kidogo na kuuza ghali. Leo Mwitalia hanywi hata nusu ya kile alichokunywa miaka ya 1960, lakini jina la mvinyo wa nchi yake lina thamani kubwa kuliko wakati ule.

Historia hii hupenda kusimuliwa kama hadithi ya ushindi: kashfa ilikuja, watu wakajirekebisha, ubora ukazaliwa. Mimi husita kidogo hapo. Waliokufa mwaka 1986 hawakuwa wateja wa Barolo. Walikuwa watu waliotaka chupa ya kushushia chakula cha jioni, na mageuzi yaliyofanywa baada ya vifo vyao yalipandisha zaidi hadhi ya chupa ambazo wasingezimudu.

Sisi tunaijua methanoli kwa njia yetu. Novemba 2000, katika mitaa ya mabanda ya Mukuru, Nairobi, pombe haramu yenye kemikali hiyo iliua zaidi ya watu 100. Nao pia walikunywa kilicholingana na mfuko wao. Tofauti ni kwamba pombe yao haikuwa na wa kuitetea katika soko la dunia, na hakuna mwagizaji wa ng'ambo aliyetishia kuacha kuinunua. Italia ilikuwa na jina la kuokoa, na katika kuliokoa jina hilo ikawalinda pia wanywaji wake. Swali linalobaki ni nani humlinda mnywaji ambaye kinywaji chake hakina jina.