Seva Wakala: Maelezo ya Istilahi

Katika saiba za Umoja, Kayole na Buruburu jijini Nairobi, na hata katika vyumba vya kupanga vya Pipeline ambamo majirani huchangia malipo ya intaneti moja, kuna neno ambalo limeenea kuliko maana yake, nalo ni proksi. Mtu akizuiwa kufungua ukurasa huambiwa aweke proksi. Akitaka asijulikane alikopita huambiwa apitie proksi. Na mwanafunzi ambaye simu yake imekataa kufungua Telegram hutumiwa kiungo na mwenzake, akakibonyeza, mambo yakaendelea, wala asiulize amepita kwa nani. Kwa maoni yangu swali hilo la "kwa nani" ndilo kiini cha jambo lote, na maadamu Kiswahili kina neno la tangu zamani ambalo haliwezi kutamkwa bila kulizusha swali hilo, haifai tuliache neno hilo likae bure.

Tuanze na kitu chenyewe kabla ya jina lake. Kila chombo kinachoingia katika intaneti hutumia anwani ya tarakimu, iitwayo anwani ya IP, na kila ombi linalotoka hubeba anwani ili jibu lijue pa kurudi. Proksi ni kompyuta inayokaa katikati: hupokea ombi la msomaji, hulipeleka kwenye tovuti inayotakiwa kwa anwani yake yenyewe, hulipokea jibu, kisha hulirejesha kwa aliyeomba. Tovuti humwona yule wa katikati tu, na kampuni ya simu huona kwamba msomaji anazungumza na yule wa katikati, isijue kwa wepesi safari inaishia wapi. Wazee waliokulia Makongeni katika nyumba za reli, au Kaloleni na Bahati, wataelewa jambo hili bila taabu, kwani barua zao aghalabu hazikuja mlangoni, bali zilikuja katika sanduku la posta la mwajiri, la shule au la kanisa, na aliyeandika kutoka Kisumu au Voi aliijua namba ya sanduku asiijue nyumba. Mwenye ufunguo wa sanduku ndiye aliyejua barua ni ya nani na imetoka wapi, na lau angetaka angeweza kuifungua.

Asili ya proksi haikuwa kujificha. Programu ya proksi ya wavuti iliyoelezwa mwaka 1994 na Ari Luotonen wa CERN, kule Geneva, pamoja na mwenzake Kevin Altis, ilikuwa na muradi wa kuwawezesha watu waliokuwa nyuma ya kuta za ulinzi za taasisi zao kuufikia wavuti, na fauka ya hayo kuhifadhi nakala za kurasa zinazoombwa mara kwa mara, ili zisivutwe upya kutoka mbali kila zinapotakiwa. Dhima hii ya pili ndiyo iliyokuwa na manufaa makubwa katika nchi kama yetu. Kabla ya mwaka 2009, ambapo nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kupitia chini ya bahari, mawasiliano ya intaneti kati ya Kenya na ulimwengu yalipita kwenye setilaiti kwa gharama kubwa na kwa mwendo wa kobe. Na programu kama Squid, ambayo ilianza kutolewa bure mwaka 1996, iliweza kuipunguza gharama hiyo, kwa kuwa ukurasa uliosomwa asubuhi na mteja mmoja ulimngojea mteja wa jioni hapo hapo, bila kupanda tena angani.

Kisha ikaja Opera Mini, ambayo ilifunguliwa kwa ulimwengu wote mwaka 2006, na ambayo wengi wa Mashariki mwa Nairobi waliisomea habari za kwanza katika simu ndogo za vitufe. Kivinjari hiki hakikwenda kwenye tovuti chenyewe. Kilituma ombi kwenye kompyuta za kampuni ya Opera, nazo zikauvuta ukurasa, zikaukamua hadi ukawa mdogo, zikaurejesha kwa mwenye simu, na bando lake likadumu. Yaani watu walitumia proksi kwa miaka mingi wasilijue jina lake. Na kwa kuwa ukurasa haukamuliwi bila kufunguliwa, hata kurasa zilizosimbwa kwa siri zilifunguliwa kwanza kule katikati, jambo ambalo kampuni yenyewe ilikiri katika maelezo yake, walakini ni wachache waliokaa wakayasoma.

Sasa tuje kwenye jina. Neno la Kiingereza tulilolikopa kwa sura ya proksi ni mkato wa neno refu la zamani, lenye asili ya Kilatini, ambalo maana yake ni kusimamia shauri la mtu mwingine kwa niaba yake. Sisi tulipolichukua tulichukua sauti tu, maana ikabaki ng'ambo. Wako wanaosema seva mbadala, na nia yao ni njema, illa neno mbadala hutufanya tufikirie kitu kinachoshika nafasi ya kingine, kama tusemavyo nishati mbadala, hali ya kuwa yule wa katikati hashiki nafasi ya tovuti yoyote: tovuti ipo pale pale, naye huiendea. Mjumbe naye hafai, kwa sababu mjumbe hufikisha maneno kwa jina la aliyemtuma, ilhali huyu hubisha hodi kwa jina lake. Dalali hutafuta mnunuzi ili apate ujira wa mauzo, na mpatanishi huingia palipo na ugomvi.

Limebaki neno wakala. Shina lake katika Kiarabu hubeba maana ya kumkabidhi mtu jambo na kumtegemea, na kutoka shina hilo hilo tumepata wakili, ambaye katika matumizi ya leo amekuwa mwanasheria wa mahakamani, na wakala, ambaye amekuwa mtu au ofisi inayofanya kazi kwa niaba ya wengine, kuanzia wakala wa meli hadi wakala wa kutuma na kutoa pesa kwa simu. Lakini maana ya kale ya kisheria haijafa, na katika Pumwani, ambako Waislamu wa Nairobi wamekuwa na makao tangu miaka ya 1920, hakuna haja ya kuieleza kwa tafsili. Katika fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, uwakala ni mkataba wenye nguzo zake: yuko anayewakilisha jambo lake, yuko anayelipokea, na liko jambo lenyewe, ambalo sharti liwe bayana; na mkono wa wakili huhesabiwa kuwa mkono wa amana, hawajibiki kwa kilichopotea ila akizembea au akivuka mipaka aliyowekewa.

Fiqhi inatupatia hata tofauti ambayo mafundi wa kompyuta huihitaji. Wakili anayekubali ndoa kwa niaba ya bwana harusi aliye safarini ni lazima amtaje aliyemtuma, la sivyo ndoa haitafungika kwa aliyemtuma. Ama wakili wa biashara, wapo wanazuoni wanaompa nafasi ya kununua kwa jina lake mwenyewe, bila muuzaji kujua bidhaa ni ya nani. Hivyo hivyo ziko seva za katikati ambazo huambatisha kwenye ombi anwani ya aliyelileta, tovuti ikamjua, na ziko zinazoificha anwani hiyo, tovuti ikaishia kumjua wakala peke yake. Ya kwanza napendekeza iitwe wakala bayana, na ya pili wakala msitiri. Anayetafuta faragha akaangukia kwa wakala bayana amejisumbua bure, na zipo proksi za bure za aina hiyo.

Katika jamii hii yako maneno mengine mawili ambayo watu huyachanganya. VPN ni uwakala wa jumla: badala ya kivinjari peke yake kupita kwa wakala, mawasiliano yote ya simu au kompyuta huingia katika njia moja iliyosimbwa hadi kwa mwenye huduma, kisha ndipo hutoka. Tor nayo huligawa jambo kwa mawakala watatu, wa kwanza akijua ombi limetoka wapi asijue linakwenda wapi, wa mwisho akijua linakokwenda asijue lilikotoka, na wa kati asijue kimojawapo. Ni njia ya polepole, lakini ndiyo pekee kati ya hizi isiyomtaka msomaji amwamini mtu mmoja kwa kila kitu.

Haja ya mawakala hawa katika Afrika Mashariki si ya kubuni. Uganda ilifunga mitandao ya kijamii wakati wa uchaguzi wa Februari 2016. Ikatoza shilingi 200 za Uganda kwa siku kwa watumiaji wa mitandao hiyo kuanzia Julai 2018, watu wakakimbilia VPN kwa wingi. Na Januari 2021 ikafunga Facebook, kisha intaneti nzima kwa siku kadhaa za uchaguzi. Tanzania, kupitia mamlaka yake ya mawasiliano, ilitangaza Oktoba 2023 kwamba wanaotumia VPN wajisajili, ikazuia mtandao wa X mwaka 2025, na siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba mwaka huo huo, intaneti ikazimwa. Hapa kwetu Telegram ilizuiwa Novemba 2023 na tena Novemba 2024, wakati wa mitihani ya kitaifa, kwa hoja ya kukomesha wizi wa mitihani. Na mchana wa tarehe 25 Juni 2024, vijana walipokuwa barabarani wakipinga Mswada wa Fedha, intaneti ilidorora nchini kote. Mei 2025 Mahakama Kuu ilitoa amri ya muda ya kuikataza serikali na kampuni za simu kuikatiza intaneti. Mimi ni miongoni mwa wanaoona kwamba kumfungia Telegram mwenye duka wa Donholm anayewasiliana na wateja wake, kwa sababu kuna wanafunzi wanaouziana karatasi za mtihani, ni kuwaadhibu wengi kwa kosa la wachache, na siwezi kumlaumu aliyetafuta wakala wa kumvusha. Ieleweke tu kwamba wakala huvusha palipo na kizuizi cha tovuti fulani. Intaneti ikizimwa yote, wakala naye hafikiki.

Lakini kuvushwa ni jambo moja na kusitiriwa ni jingine, na hapa ndipo neno proksi limewaponza watu. Faragha haiongezeki kwa kupita kwa wakala, huhama. Yale ambayo kampuni ya simu ingeyajua, ikiwa na laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako na sheria za Kenya za kuiwajibisha, sasa anayajua mtu mwingine, ambaye mara nyingi hana jina, hana ofisi, wala hujui yuko nchi gani. Hatari ni kubwa zaidi kwa zile proksi za ukurasani, ambapo msomaji huandika anwani ndani ya kisanduku na tovuti ikamfungukia humo humo, kwa kuwa usimbaji wa tovuti huishia kwa wakala: kufuli dogo linaloonekana juu ya kivinjari ni la wakala, si la tovuti, na nywila ya eCitizen, ya HELB au ya KRA iliyoandikwa humo humpitia ikiwa wazi. Kwa proksi iliyowekwa katika mipangilio ya simu mambo ni nafuu kidogo, maana kufuli la tovuti hubaki zima na wakala huona jina la tovuti na wingi wa mawasiliano, asione yaliyomo.

Na wakala asiyelipwa na msomaji hulipwa na mwingine. Facebook ilinunua mwaka 2013 kampuni ya Onavo, ambayo programu yake ilijinadi kuwa ya kulinda watumiaji, huku ikiipa Facebook taarifa za programu zipi watu wanazitumia, hata Apple ikailazimisha iondolewe katika duka lake mwaka 2018. Hola, iliyopendwa kwa kuwa ya bure, ilifichuliwa mwaka 2015 kwamba intaneti ya watumiaji wake ilikuwa ikiuzwa kwa wageni, wageni hao wakipita kwa anwani za watu wasio na habari. Yaani aliyedhani amepata wakala alikuwa amefanywa wakala yeye mwenyewe, bila idhini yake. Watafiti waliochunguza programu 283 za VPN za simu za Android mwaka 2016 waliona kwamba asilimia 18 hazikusimba mawasiliano hata kidogo, na asilimia 38 zilikuwa na dalili za programu haribifu.

Katiba ya Kenya, kifungu cha 31, humpa kila mtu haki ya faragha ya mawasiliano yake, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 humtaka anayechukua taarifa za mtu amweleze anachokichukua na sababu yake. Masharti hayo hayako mbali na nguzo za uwakala nilizozitaja, kwani pote panatakiwa aliyekabidhiwa ajulikane, jambo lenyewe lijulikane, na mipaka yake ijulikane. Kijana wa saiba anayeulizwa na mzee, "Mwanangu, hiyo proksi ni ya nani?" hana budi kuwa na jibu, na akikosa jibu asimfungulie mzee huyo ukurasa wake wa benki.

Imebaki istilahi moja ambayo mafundi wataiulizia, nayo ni ile proksi inayokaa upande wa pili, mbele ya tovuti, ikipokea wageni kwa niaba ya mwenye tovuti na kuificha anwani yake, kama zifanyavyo kompyuta za kampuni ya Cloudflare. Baadhi huiita proksi ya kinyume, jina ambalo halimwambii msomaji kilichopinduliwa ni nini. Tukishika neno wakala, tofauti hujieleza yenyewe, kwa kuwa linalobadilika ni mwenye kuwakilishwa tu: wa kwanza ni wakala wa msomaji, na huyu ni wakala wa tovuti. Na aliyeko Komarock, akifungua kwa VPN tovuti iliyo nyuma ya Cloudflare, anakuwa na wakala wake anayezungumza na wakala wa mwenziwe, kila mmoja akiijua anwani ya bwana wake na asiijue ya bwana wa mwingine.