BREKI YA TELA NA ASILI YAKE

Somo letu la leo ni historia ya breki ya gari linalovutwa na jingine. Ninyi mlio Dodoma, Kondoa na Singida mmeona malori yenye tela yakiteremka mlima Sekenke au Nyang'oro. Swali letu ni hili: tela likikatika mlimani, litazuiwa na nini?

Jawabu lilipatikana kwanza katika reli. Zamani watu walizungusha breki za mabehewa kwa mkono. Mwaka 1869 Mmarekani George Westinghouse alitengeneza breki ya hewa. Dereva alipotaka kusimama, aliipeleka hewa kutoka injini hadi kwenye mabehewa kwa bomba. Breki hiyo ilikuwa na ila kubwa: bomba likikatika, breki zote zimekwisha.

Mwaka 1872 akaugeuza mpango huo. Kila behewa likapewa tangi lake dogo. Bomba likijaa hewa, breki huachia. Hewa ikitoka, kwa kupenda dereva au kwa ajali, hewa ya tangi dogo hufunga breki. Basi behewa lililokatika hujifunga lenyewe.

Lakini dawa haimponyi asiyeinywa. Tarehe 12 Juni 1889, karibu na Armagh katika Ireland, gari la moshi lilishindwa kupanda mlima, likatenganishwa. Mabehewa ya nyuma hayakuwa na breki za kujifunga. Yakarudi nyuma kwa kasi, yakaligonga gari lililokuwa likifuata, wakafa watu 80. Mwaka huo huo Bunge la Uingereza likatunga sheria ya breki za kujifunga kwa magari ya moshi ya abiria.

Reli yetu ilifika Dodoma mwaka 1910, ikipanda kutoka pwani hadi kimo cha zaidi ya mita 1,100. Tarehe 24 Juni 2002, karibu na Igandu, gari la moshi lenye abiria zaidi ya 1,200 lilikosa breki mlimani, likarudi nyuma, likaligonga gari la mizigo. Wakafa watu 281. Miaka 113 ilikuwa imepita tangu Armagh. Sheria peke yake haishiki gurudumu.

Sasa turudi barabarani. Lori lenye breki za upepo limerithi mpango wa mwaka 1872. Kati ya lori na tela ipo mipira miwili. Mmoja hujaza tangi la tela. Wa pili hupeleka amri ya dereva. Ule wa kwanza ukikatika, tela hujifunga. Lakini hewa ya tangi huvuja kidogo kidogo, na tela lililoegeshwa mlimani laweza kuachia. Kwa hiyo ikaongezwa springi: hewa huibana, na hewa ikiisha, springi hufunga breki.

Basi anayenunua tela kuukuu asitazame rangi na matairi tu. Aulize: lina tangi lake? Lina springi? Mipira yake ni mizima? Breki nzuri za lori haziwezi kufanya kazi ya lori na ya tela pia. Zikikanyagwa mfululizo mteremkoni hupata moto na kupoteza nguvu. Ndiyo maana dereva hodari huingiza gia ndogo kabla ya kuteremka.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Breki ya mwaka 1872 iliishinda ile ya 1869 kwa jambo gani?

2. Kwa nini utingo huweka jiwe chini ya gurudumu hata kama tela lina breki?

3. Katika kijiji chenu, nani hukagua breki za tela kabla ya safari?