Nusu ya Bwana

Ofa iliingia kwenye kundi letu la WhatsApp Jumapili asubuhi, ikiwa na picha saba. Nyumba ya mawe juu ya kilima, mistari ya mizabibu ikishuka hadi bondeni, misonobari miwili langoni. Picha ya tano ilionyesha ukumbi wa kuonjea mvinyo: dari ya matofali yenye matao, meza ndefu, glasi zimepangwa. Chini yake maelezo yalisema shamba hili la kihistoria limo kwenye vilima vya Chianti, kati ya Firenze na Siena, na kwamba wapenzi wa mvinyo wanaalikwa kununua hisa. Hisa moja euro 6,000. Faida itagawanywa ikipatikana, na kila mwenye hisa atapata makasha mawili ya chupa kwa mwaka, pamoja na haki ya kulala pale usiku nne.

Kundi lenyewe ni la watu sita. Tulikutana Siena tukiwa wanafunzi, tukaendelea kukutana mara moja kwa mwezi, kila mtu na chupa yake, kuonja na kubishana. Mimi ndiye niliyeingia nikijua kidogo kuliko wote kuhusu mvinyo na kingi kuliko wote kuhusu zabibu, maana nimezaliwa Dodoma.

"Dada, unaingia?" aliniandikia Mkenya mwenzangu wa kundi. Yeye alikwisha kukata shauri. Nilikuwa na akiba ya euro 7,200, yote niliyoweka kwa miaka minne. Nikamjibu kwamba nipe wiki tatu. Mama yangu hanunui mbuzi kabla ya kumzunguka mara mbili, nami nilitaka kulizunguka neno "kihistoria", kwa sababu niliona wazi kuwa sehemu kubwa ya zile euro 6,000 ilikuwa bei ya neno hilo.

Kijitabu cha wauzaji kilikuwa na kurasa mbili za historia, na sikuona kosa ndani yake. Kilianza na amri ya Cosimo III, mtawala wa Toscana, ambaye mwaka 1716 alichora mipaka ya sehemu nne na kukataza mvinyo wa kwingineko usiuzwe kwa majina ya sehemu hizo. Chianti ilikuwa mojawapo. Halafu kikaja kwa Bettino Ricasoli wa Brolio, ngome ya mawe ambayo ukoo wake umeishikilia tangu mwaka 1141. Huyu alikuwa waziri mkuu wa Italia mara mbili, mara ya kwanza mwaka 1861, Cavour alipofariki. Watu walimwita Baroni wa Chuma. Siasa zilipomchosha alirudi shambani, na mwaka 1872 akamwandikia profesa mmoja wa Pisa barua iliyopata umaarufu kuliko hotuba zake zote. Humo alieleza kwamba zabibu ya Sangiovese huupa mvinyo harufu na nguvu, Canaiolo huulainisha, na Malvasia, zabibu nyeupe, huufanya mwepesi kwa kunywewa kila siku, lakini haifai kwa mvinyo wa kuwekwa miaka.

Barua hiyo inapendwa sana na waandishi wa vijitabu. Wachache husema kwamba ile tahadhari ya mwisho ilisahauliwa. Kanuni za Chianti zilipopitishwa mwaka 1967, zabibu nyeupe zilitakiwa ziwemo kati ya asilimia 10 na 30, na mvinyo mwingi uliotoka ukawa mwepesi kama maji ya kuoshea glasi. Ilichukua hadi mwaka 2006 kwa Chianti Classico kuzipiga marufuku kabisa.

Kutoka kwa Baroni, kijitabu kiliruka moja kwa moja hadi "wamiliki wa sasa walipoliokoa shamba lililotelekezwa". Neno hilo "kutelekezwa" ndilo lililonisumbua. Mtu hatelekezi kilima kizuri namna ile bila sababu.

Sababu ina jina, mezzadria. Limetokana na neno la Kiitalia la nusu, nami nitauita ukulima wa nusu. Kwa karne nyingi, tangu Zama za Kati, ardhi ya Toscana iligawanywa katika mashamba madogo, kila moja na nyumba yake, na katika kila nyumba bwana mwenye ardhi aliweka familia moja. Bwana alitoa ardhi na nyumba. Familia ilitoa mikono. Mavuno yaligawanywa nusu kwa nusu: ngano, zeituni, zabibu, hata ndama akiuzwa. Juu ya hiyo nusu kulikuwa na nyongeza, jogoo wa Krismasi, mayai ya Pasaka, nguo za bwana kufuliwa. Msimamizi alikaa katikati na daftari la hesabu. Gharama zilizotolewa na bwana zilirudi humo kama deni, na familia nyingi zilifunga mwaka zikiwa zinadaiwa.

Nilitumia jioni tano maktaba nikisoma mikataba hiyo, na kilichonikaa moyoni ni jinsi ilivyofika hadi kitandani. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja. Familia ikiwa na midomo mingi kuliko mikono, au mikono michache kuliko kazi, ilipewa notisi. Kwa hiyo kijana akitaka kuoa, baba yake alilazimika kumwomba bwana ruhusa, kwa kuwa mkwe ni mdomo na ni mikono pia, na hesabu hiyo haikuwa ya familia peke yake.

Kuna jambo jingine ambalo mtu anayefikiria kuwekeza anapaswa kulielewa. Mzabibu ukipandwa leo hukaa kama miaka mitatu kabla ya kutoa zabibu za maana. Mkulima anayeweza kuondolewa mwakani hana haraka ya kupanda kitu kitakachozaa baada ya miaka mitatu. Bwana naye, akijua kwamba nusu ya faida itakwenda kwa mwingine, hana haraka ya kutoa fedha. Ndiyo maana ile mistari minyoofu ya mizabibu, ambayo sisi tunaiona kama sura ya Toscana tangu enzi na enzi, kwa sehemu kubwa haikuwepo kabla ya miaka ya 1960. Mzabibu wa zamani ulipanda juu ya mti, pembezoni mwa ngano, kati ya mizeituni. Shamba la kwenye picha saba ni mandhari mpya iliyovalishwa nguo za zamani.

Baada ya vita vikuu vya pili wakulima walianza kugoma. Serikali ya De Gasperi ilituliza mambo kwa kuongeza fungu la mkulima hadi asilimia 53. Februari ya mwaka 1956 ikaja baridi ya kugandisha iliyoua mizeituni ya Toscana, na waliokuwa wakisitasita wakafunga mizigo. Mwaka 1964 sheria ilipandisha fungu hadi asilimia 58 na kukataza mikataba mipya ya namna hiyo. Lakini nyumba zilikuwa zimekwisha kuwa tupu. Vijana walikwenda Prato kwenye viwanda vya nguo, Poggibonsi kwenye fanicha, Pontedera kutengeneza Vespa.

Kwa hiyo vilima vilipata bei ya kutupa, na hapo ndipo mpenzi wa mvinyo anapoingia kwenye historia hii. Walikuja Waingereza, Wajerumani, Waswisi, watu wa Milano. Zilikuja kampuni pia. Mwaka 1971 jina la Ricasoli lenyewe, pamoja na kiwanda chake cha mvinyo, liliuzwa kwa Seagram, kampuni ya pombe kali ya Kanada, na mvinyo wa Brolio ukaporomoka. Aliyeurudisha mwaka 1993 alikuwa mzao wa ukoo, Francesco Ricasoli, ambaye hadi wakati huo alikuwa mpiga picha. Nakiri kwamba hadithi hiyo inanifurahisha.

Ila aliyenifanya nisite alikuwa mtu mwingine. Gianfranco Soldera alikuwa wakala wa bima Milano, mpenzi wa mvinyo kweli kweli, aina ya mtu ambaye kundi letu lingemkaribisha kisha likamwogopa. Mwaka 1972 alinunua Case Basse, ardhi iliyoachwa karibu na Montalcino, kusini mwa Siena, wakati ambapo mji huo ulikuwa maskini. Akapanda Sangiovese tupu. Akaweka mvinyo kwenye mapipa makubwa kwa miaka, bila kumpigia mtu magoti. Chupa zake zikawa miongoni mwa chupa ghali zaidi nchini Italia. Kisha usiku mmoja, mwanzoni mwa Desemba 2012, mtu akaingia ghalani. Hakuiba chupa. Alifungua koki za mapipa na kuuacha mvinyo utiririke kwenye mtaro: zaidi ya lita 60,000, mavuno ya mwaka 2007 hadi 2012. Aliyepatikana na hatia alikuwa mfanyakazi wake wa zamani.

Brunello wa Montalcino haruhusiwi kuuzwa kabla ya Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno, na Soldera alikawia zaidi ya hapo. Maana yake ni kwamba miaka sita ya kazi ilikuwa imelala chumba kimoja, nyuma ya mlango mmoja. Aliendelea kutengeneza mvinyo hadi alipofariki mwaka 2019. Nilipomaliza kusoma habari zake nilifungua tena ile ofa na kutafuta neno "bima". Halikuwepo.

Wiki ya tatu nilikwenda kuliona shamba. Wauzaji walikuwa wakarimu, wakatupa jibini na mkate usio na chumvi wa huko. Kwenye ule ukumbi wa picha ya tano alikuwepo mzee mmoja wa kijiji cha jirani, aliyekuja kuleta kuni. Alisimama mlangoni akiangalia dari. Nikamsalimia. Akaniambia alizaliwa kwenye nyumba hii na kuondoka mwaka 1961, akiwa na miaka 19, kwenda kiwanda cha viti.

"Hapa lilikuwa zizi," alisema. "Maksai wawili weupe, wakubwa kama gari. Ulipoweka meza ndipo palipokuwa na hori. Chumba cha juu yao ndicho kilichokuwa na joto, kwa hiyo bibi alilala hapo."

Nikamuuliza mvinyo wa wakati ule ulikuwaje. Akacheka.

"Binti, mvinyo uliuzwa. Sisi tulimwaga maji juu ya makapi ya zabibu tukanywa hayo."

Nilimpa glasi yangu. Aliinusa kwa muda mrefu kuliko yeyote kati yetu, akanywa nusu, akasema ni mzuri sana, kisha akauliza chupa inauzwa kiasi gani. Nilipomtajia hakusema neno, alikwenda kupakua kuni.

Nikamgeukia muuzaji. Nilitaka kujua nani atakuwa akivuna. Alisema kazi hiyo wameikabidhi kwa wakala, ambaye huleta kikosi cha vibarua mwezi Septemba na kukiondoa. Naye wakala huwalipaje? Hilo ni juu ya wakala, alisema kwa upole. Mimi nimewahi kuwa kwenye kikosi cha namna hiyo, mwaka wangu wa pili chuoni, siku kumi na moja za kukata vichala kwa mkasi tangu alfajiri, tukiwa Wasenegali, Waromania, Waalbania na mimi. Mgongo wangu unakumbuka kiwango cha malipo vizuri kuliko mimi.

Jioni nilimpigia mama. Kwetu zabibu zililetwa na wamisionari wa Kiitalia, pale Bihawana, mwishoni mwa miaka ya 1950, na babu yangu alipata pingili zake za kwanza kutoka kwa jirani aliyezipata kwa mapadre. Tunavuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Waitalia wa kundi letu hawajawahi kuliamini sawasawa. Nikamweleza mama habari za hisa, nyumba ya mawe, makasha mawili.

"Ekari ngapi?" aliuliza.

Hekta tisa, nikamwambia, kama ekari ishirini na mbili.

"Na mnunuzi yupo?"

Mama huuliza hivyo kwa sababu kuna mwaka ambao mnunuzi wetu hakuja. Zabibu zilikaa mtini hadi zikawa kahawia, nyuki wakazimaliza, na mimi nilirudishwa nyumbani kwa ada. Nikamwambia mnunuzi yupo, watu wa Marekani na Japani wanaagiza kabla hata mvinyo haujatiwa chupani.

"Sasa kama mnunuzi yupo, wanatafutia nini hela yako?"

Nilianza kumweleza kuhusu mtaji wa kupanda upya, mapipa mapya, miaka ya kungoja. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema amesikia, akauliza kama ninakula.

Watu wanne wa kundi letu waliingia. Mmoja alijitoa kwa sababu ya mkopo wa nyumba, nami nilijitoa bila kutoa sababu nzuri. Niliandika tu kwamba kwa sasa hapana. Mkenya mwenzangu alinuna kwa siku mbili, kisha akanitumia picha ya cheti chake, namba ya hisa imeandikwa kwa wino wa rangi ya zabibu. Nilimpongeza, na nilimaanisha. Kasha lake la kwanza lilifika Novemba. Alilileta kwenye kikao chetu, tukafungua chupa mbili. Sangiovese tupu, kavu, na ile harufu ya cheri na udongo uliolowa ambayo Baroni aliipenda. Ulikuwa mvinyo mzuri kuliko wote tulioonja mwaka ule, na nilipoombwa glasi ya pili niliinyoosha.