Kabla ya Ndege ya Mboya

Ukiwauliza wazee wa Njiru, mashariki mwa Nairobi, Wakenya walianza lini kwenda kusoma Marekani, jibu halichelewi: ndege ya wanafunzi iliyoandaliwa na mwanasiasa Tom Mboya. Septemba 1959, wanafunzi 81. Na wengi huongeza kwamba Barack Obama mkubwa, baba wa rais wa zamani wa Marekani, alikuwa ndani yake. Hapo ndipo nilipoanza kutia shaka. Obama alikwenda Hawaii mwaka huohuo, kweli, ila si kwa ndege hiyo. Nauli yake ilitoka kwingine. Ikiwa kisa kinachojulikana na kila mtu kina tobo la namna hii, mwanzo wenyewe uko wapi?

Nikapanda matatu ya Kangundo Road hadi mjini, kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, jirani na sanamu ya Mboya. Nikarudi nyuma mwaka baada ya mwaka hadi nikamkuta Peter Mbiyu Koinange. Aliingia Hampton, Virginia, mwaka 1927, akasoma pia Ohio Wesleyan na Columbia, akarejea 1938. Mwaka uliofuata chuo chake cha Githunguri kikaanza. Wasimuliaji wengi hukomea kwake. Mimi Virginia ilinikera. Lilikuwa jimbo la kusini lenye sheria za ubaguzi, na Hampton ilianzishwa 1868 kwa ajili ya Weusi waliotoka utumwani. Alipajuaje mahali hapo bila mtu wa kumtangulia? Je, Koinange ndiye Mkenya wa kwanza kufika huko?

Kumbukumbu za elimu za wakoloni hazikunifikisha popote. Kilichonifungulia njia ni makala ya Kenneth King katika kitabu Kenya Historical Biographies cha 1971. Humo yumo Molonket ole Sempele, Mmaasai, aliyevuka bahari mwaka 1909 na kusoma Boydton, katika shule ya Wamarekani Weusi. Boydton iko Virginia! Maandishi ya wamishonari humwita Mulungit, kwa hiyo anayemtafuta kwa jina moja humpoteza kwa jina la pili. Lakini mtu huyu alifikaje huko, na kwa fedha za nani?

Dhana nyepesi ni kwamba misheni ilimlipia. Simulizi la King linasema vingine: aliuza ng'ombe zake akapata nauli. Sikulikubali papo hapo. Ng'ombe kwa Mmaasai ni chakula, ni mahari, ni heshima. Nani awatoe kwa ajili ya darasa asilolijua? Hata hivyo wamishonari ndio waliomfundisha kusoma, na huenda hamu ya Marekani ilianzia kwao. Mawili hayo hayapingani. Fedha zilikuwa zake. Je, alichokinunua kilimfaa?

Alirudi 1912. Kwa mkataba wa 1911, Wamaasai wa Laikipia walikuwa wakihamishwa kwenda kusini na mifugo yao, na zoezi hilo likakamilika 1913. Nyanda hizi za mashariki mwa Nairobi, yalipo leo machimbo ya mawe na maghorofa ya Njiru, nazo zilikuwa zimekwisha kuwatoka. Kusoma na kuandika kungemsaidia nini mtu ambaye jamii yake inaondolewa malishoni? Swali hilo naliacha wazi; la nani alitangulia lina jibu.

Ndege ya 1959 ilibeba wengi kwa mkupuo, na sifa hiyo ni ya Mboya. Ya kuanza si yake, wala si ya Koinange. Walimu wa historia, anzeni somo hili mwaka 1909, kwa mwanafunzi aliyejilipia kwa ng'ombe.